Bibi Aliyezaliwa Mahali Patatu

Mjomba alifika kwetu Nyaishozi asubuhi ya Jumatatu, amepakiwa kwenye pikipiki pamoja na godoro lake, na kabla hajavua kofia akamuuliza mdogo wangu ana urefu gani. Hakuna aliyekuwa amemwita. Mama alimpigia simu tu kumwambia kwamba mtoto amemaliza kidato cha sita, amerudi salama kutoka mafunzo ya mujibu wa sheria, na sasa amekazana kusema anataka kuomba chuo cha maofisa wa jeshi. Mama alikuwa anatafuta mtu wa kumkataza. Badala yake akapata mtu aliyekuja na godoro.

Huyu mjomba ni kaka pekee wa mama. Anaishi Kamuli, upande wa Kyerwa, kwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na babu. Alitumikia jeshi akiwa dereva wa malori tangu ujana wake hadi alipostaafu, na alistaafu akiwa koplo. Kila mtu katika ukoo wetu anajua kwa nini hakupanda zaidi ya hapo, maana mwenyewe huwa anasema bila kuulizwa: alipenda gari. Wenzake walikwenda kozi wakarudi na vyeo, yeye akabaki na usukani kwa hiari yake. Nimeisikia habari hiyo harusini na msibani, na mara moja nimeisikia kanisani, sadaka ikiwa inapita.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba changu cha kazi pale senta, kando ya barabara, na naishi kwa mama kwa sababu mume wangu yuko Mwanza kwenye kazi za ujenzi na hurudi kwa msimu. Mdogo wangu nimemzidi umri kiasi kwamba wageni hudhani nimemzaa. Baba alipofariki, mdogo wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe mara nyingi ulikuwa wangu. Kwa hiyo namfahamu. Ni mtu wa maneno machache, na akishaamua jambo unaweza kumwimbia, ukamlilia, ukamnyima chakula, atakusikiliza kwa adabu mpaka umalize, halafu ataendelea na lake.

Jioni ile ya kwanza, tukiwa tumezunguka ndizi na maharage, alitutajia yote yanayotakiwa. Alikuwa ameyasoma kwenye simu, kwenye tangazo lenyewe.

"Wanataka ufaulu mzuri wa kidato cha sita," alisema. "Afya, macho na meno yote yanapimwa. Usiwe umeolewa wala usiwe na mtoto. Uwe umepitia mafunzo ya vijana. Usiwe na kesi. Uwe raia. Ukipita hapo kuna mtihani, mbio na usaili."

"Hayo ni ya kwenye simu," alisema mjomba, akimega ndizi. "Ya jeshini ninayo mimi."

Nikajua tumekwisha.

Ya jeshini yalianza kesho yake, kabla majogoo hayajakubaliana. Alimwamsha mdogo wangu kwa kupiga sufuria na mwiko, na kwa kuwa nyumba yetu ina dari la hewa tupu, sote tulikuwa wanajeshi kuanzia saa hiyo. Alimpandisha kilima cha nyuma ya kanisa akiwa amejitwika dumu la maji, kisha akamshusha, kisha akayamwaga maji yale kwenye migomba ya jirani na kusema hiyo ndiyo maana ya kujitolea. Maji yenyewe nilikuwa nimeyachota mimi. Alimning'iniza kwenye tawi la mparachichi ili arefuke, ingawa tangazo lilishataja kimo na yeye alikuwa amekipita. Alimlisha mayai mabichi. Alimkataza kucheka mbele za watu, akisema ofisa akicheka askari hulala. Jambo hilo la mwisho halikumpa shida mdogo wangu, lakini mama aliumia sana, akaanza kutueleza kwamba mtoto wake ameanza kununa.

Niliongea naye pembeni. "Mjomba, huyu mtoto ametoka kwenye kambi mwezi juzi. Kukimbia amefundishwa na watu wa kazi hiyo."

"Walimfundisha kukimbia na wenzake," alinijibu. "Hawakumfundisha kukimbia mbele ya wanaomwangalia."

Nilikwenda kazini.

Hata kazini hakuniacha. Siku moja alikuja na kitambaa cha kijani kilichokolea, amekinunua mnadani, akakitandaza juu ya gauni la bibi harusi nililokuwa nalimalizia. Alitaka nimshonee mpwa wake suruali na shati vya mazoezi, vyenye mifuko minne na vitambaa vya begani. Nilimwambia sishoni.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni sare, mjomba. Mimi nikamatwe kwa kushona, yeye akamatwe kwa kuvaa, halafu uende wewe kwenye usaili."

Alikikunja kile kitambaa taratibu, kama mtu anayekunja bendera, na kwa siku kadhaa akawa ananisalimia kwa kupitia mama.

Na laiti angekuwa ni yeye peke yake. Senta ya Nyaishozi ni ndogo, na binti anayepanda kilima na dumu kila alfajiri hafichiki. Wateja wangu wote waligeuka washauri. Mwalimu mstaafu alisema siku hizi wanaangalia Kiingereza tu. Mwenye duka la pembejeo, mtu wa Muleba anayejua kila kitu, alisema bila kuwa na mtu huko juu tusijisumbue, na nilipomuuliza huko juu ni wapi hasa, alinyoosha kidole kwenye paa la duka lake. Mama mmoja wa kwaya aliniambia wanamkataa mtu mwenye kovu, hivyo nimpake mdogo wangu mafuta ya ng'ombe gotini. Mdogo wangu alikuwa akija mchana kunisaidia kupinda nguo, anawasikiliza wote kwa adabu, anawashukuru. Wakishaondoka anarudi kwenye kitabu chake cha fizikia, amekiegemeza kwenye boksi la nyuzi.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anataka jeshi. Niliuliza kwa hasira kidogo, kwa sababu usiku uliopita mjomba alikuwa ametufundisha sote kutandika kitanda.

"Kule kambini," alisema, "kulikuwa na daraja limechukuliwa na maji. Akaja ofisa, mwanamke, si mkubwa sana kwako. Akalitazama, akapiga hesabu kwenye karatasi, akatupanga. Jioni tukapita juu yake. Nataka kuwa yule."

"Si uende ukasome uhandisi basi."

"Nitasoma. Lakini nataka na ile sauti aliyotupangia."

Sikumwuliza tena. Niliumia, maana nilielewa kwamba ataondoka.

Jina lake lilipotoka kwenye orodha ya walioitwa usailini, mjomba alifurahi siku moja tu. Siku ya pili akaanza kuwa mtu mwingine. Aliacha kupiga sufuria. Alikuwa anakaa barazani anatafuna punje za kahawa moja baada ya nyingine, akitazama njia. Tulipomaliza kula jioni alimwita mdogo wangu.

"Watakuuliza habari za ukoo," alisema. "Bibi yako mzaa mama alizaliwa wapi?"

"Uganda," alisema mdogo wangu. "Ng'ambo ya mto."

"Hapana. Kamuli."

Mama alinyanyua uso kutoka kwenye sahani.

Hapa lazima nieleze. Bibi yetu aliletwa bi harusi kutoka ng'ambo ya Mto Kagera akiwa msichana, akaolewa na babu Kamuli, akazaa mama na mjomba pale, akazeeka pale, na kaburi lake liko nyuma ya jiko la mjomba. Halikuwa jambo la siri. Alikuwa akitusimulia mwenyewe jinsi alivyovuka mtoni huku ndugu zake wakiimba, na hadi anakufa maneno yake mengine yalikuwa na lafudhi ya kwao. Watu wa mipakani tuko hivyo, mashangazi wako huku na makaburi yako kule. Lakini pia watu wa mipakani tunajua ukienda kuomba kitambulisho tu utaulizwa babu alizaliwa wapi na bibi kazikwa wapi, na kwamba jibu likichelewa kidogo utaambiwa urudi kesho.

"Mjomba," mdogo wangu alisema, "babu alizaliwa Kamuli. Baba alizaliwa Nyakasimbi. Mama alizaliwa Kamuli. Mimi ni raia hata kama bibi angezaliwa mwezini."

"Wewe hujui wanavyotafuta," mjomba alisema. "Wanao vijana wengi kuliko nafasi. Wanatafuta neno moja tu la kukutoa. Usiwape. Sema Kamuli."

"Sawa, mjomba."

Nilimjua mdogo wangu. Ile "sawa" ilikuwa ya adabu.

Aliporudi kutoka kwenye usaili alikuja moja kwa moja kazini kwangu, vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi. Alisema mbio zilikuwa sawa, mtihani ulikuwa sawa, meno yalihesabiwa yote. Halafu akashusha sauti. Waliomsaili walikuwa watano mezani, na mmoja aliuliza habari za bibi mzaa mama.

"Nikasema alizaliwa Uganda, akaolewa Kamuli."

"Wakasemaje?"

"Wakauliza swali jingine."

Akaniomba nisimwambie mjomba. Nilikubali, kwa sababu nilitaka kulala usiku.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mjomba alikuwa kazini muda wote huo. Alikuwa amesikia, au alikumbuka kutoka enzi zake, kwamba baada ya usaili huja mtu kuuliza majirani habari za mwombaji. Kwa hiyo alikuwa amepita nyumba hadi nyumba, na mfuko wa karanga, akiwaeleza watu namna ya kujibu. Binti hajawahi kuugua. Binti hajawahi kugombana. Binti hana mchumba, hajawahi kuwa naye, na hamjui mwanaume yeyote. Na bibi yake si wa ng'ambo. Hilo la mwisho nadhani hakutaka kulitamka sana, akawa analisema kwa mkato, na kila mtu akachukua alichosikia.

Yule mtu alikuja siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kula, nikamkuta ameketi barazani kwetu pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mwanaume wa makamo, amevaa sweta, na viatu vyake vilikuwa vimeshiba matope ya vibanja vya watu. Maana yake alikuwa ameshazunguka. Mdogo wangu hakuwepo, kijana mmoja wa kanisani alikuwa amemchukua kwenda kusimamia mitihani ya watoto Nyakasimbi. Mama alikuwa ameleta kahawa za kutafuna kwenye kisahani. Mjomba alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa koti lake la suti na alikuwa amesimama wima kabisa, mikono ubavuni, kwenye baraza la dada yake, kama mtu anayekaguliwa.

"Shikamoo," nilimsalimia mgeni. Akaitikia. Mwenyekiti akamwambia mimi ni dada mkubwa. Nikakaa kwenye kizingiti.

"Naona mwanenu anasifiwa sana," mgeni alimwambia mama. "Nimeambiwa hajawahi kuumwa tangu azaliwe."

Mama alitazama chini. Mdogo wangu amelazwa kwa malaria, amevunjika mkono, na aliwahi kumeza kifungo cha nguo kutoka kwenye kopo langu.

"Nimeambiwa pia hajawahi kugombana na mtu."

Mwenyekiti alikohoa. Mdogo wangu aliwahi kumwambia mwenyekiti huyohuyo, kwenye mkutano, kwamba bomba la kitongoji haliwezi kuwa limeharibika kwa wengine na kwake linatoa maji.

"Sasa, mama," mgeni aliendelea, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa imechoka tu. "Mama yako mzazi alizaliwa wapi?"

Mama alifungua mdomo, akamtazama mjomba.

"Kamuli," mjomba alisema.

Mgeni aligeuka kwa mwenyekiti. "Wewe uliniambia Muleba."

"Nilivyosikia mimi," alisema mwenyekiti.

"Na mzee wa nyumba ya kwanza, yule mwenye ng'ombe, ameniambia Bukoba mjini. Ameniambia hata mtaa."

Mjomba alikuwa ameanza kutoa jasho kwenye mdomo wa juu. Nilimtazama, nikamtazama mama, nikaona namna mwenyekiti anavyochagua kahawa kwenye kisahani kama vile ziko zenye majibu. Na miezi yote ile ikanipanda: masufuria alfajiri, maji yangu kumwagiwa migomba ya watu, kitambaa juu ya gauni la harusi, mafuta ya ng'ombe, huko juu kwenye paa la duka. Wote walikuwa wanamsaidia mdogo wangu. Mtoto alikuwa amefanya kila kilichotakiwa, na sasa msaada wetu ndio ulikuwa unakwenda kumzika.

"Bibi alizaliwa Uganda," nilisema. "Ng'ambo ya mto. Aliolewa na babu Kamuli na amezikwa huko, nyuma ya jiko la huyu mjomba wangu. Mdogo wangu ameshawaambia hivyo. Na amewahi kuumwa malaria, na mkono wa kushoto ulivunjika akiwa darasa la nne, na ugomvi anao, mwulize mwenyekiti habari za bomba. Ni mkaidi. Hapiki vizuri. Ukimwambia jambo la uongo anakusikiliza halafu anafanya la kweli. Mimi ndiye niliyemlea, ukitaka kuuliza uniulize mimi."

"Mwanangu," alisema mama taratibu.

Mjomba hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia mgeni, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesubiri kuambiwa aingie kwenye gari.

Mgeni akasema, "Bibi kuzaliwa ng'ambo si kosa, mzee wangu. Nusu ya watu ninaowatembelea huku wana bibi wa ng'ambo. Taabu ni kutembea siku nzima kwenye matope nikimtafuta bibi mmoja aliyezaliwa mahali patatu."

Akaaga kwa adabu, akala kahawa moja, akaondoka na mwenyekiti.

Mjomba alikunja godoro lake mchana uleule. Nilimwambia asubiri jua lipoe, akakaza kamba ya godoro. Mama naye akaacha kuongea nami. Aliniwekea chakula mezani kama kawaida, lakini aliongea na kuku, akawaambia kwamba kuna watu wakipewa mdomo wanadhani wamepewa panga. Mdogo wangu aliporudi nilimweleza yote, nikitegemea atakasirika. Alifikiri.

"Uliwaambia hata habari ya kupika?"

"Nilikuwa na hasira."

"Haya," alisema, akaenda kuosha miguu.

Wiki zikapita bila habari. Mama aliendelea na kuku wake. Mwisho nilichoka, nikafunga kazi siku ya Jumamosi, nikapanda pikipiki hadi Kamuli.

Nilimkuta mjomba anageuza kahawa kwenye turubai mbele ya nyumba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikachukua reki ya pili, nikaanza kugeuza upande wa pili wa turubai. Tulikwenda hivyo muda, tukikutana katikati na kuachana.

"Hawajaja," alisema hatimaye.

"Nani?"

"Nilidhani watakuja kuniuliza mimi. Kwamba na mimi niliandika nini."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na nikaacha kugeuza.

Alisema alipoingia jeshini akiwa kijana, mwenzake mmoja kutoka huku huku alimwambia asithubutu kumtaja mama wa ng'ambo. Wakati huo mambo ya upande ule yalikuwa ya moto, na yeye alikuwa mtoto wa shamba, akaamini. Akasema mama yake kazaliwa Kamuli. Kisha kila ilipotokea nafasi ya kozi, kila walipomwambia koplo una akili, nenda ukapande cheo, alijua kwamba kabla ya kozi kuna mtu atatumwa kijijini kuuliza. Na kijijini bibi alikuwa hai, na bibi alikuwa anapenda kusimulia habari ya kuvuka mto.

"Kwa hiyo nikawa nasema napenda gari," alisema.

"Na hukuipenda?"

"Lori la jeshi, mwanangu? Linapasua mgongo. Sikulipenda hata siku moja."

Alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida, akichagua kahawa mbovu na kuzitupa. Mimi nilikuwa nimekuja na hotuba. Nilikuwa nimeipanga njia nzima, kuhusu sufuria na kuhusu majirani na kuhusu mama kuongea na kuku. Haikutoka. Nilikuwa na hasira bado, lakini sikujua tena ni ya nani. Mtu ameendesha lori maisha yake yote akikimbia swali ambalo jibu lake halikuwa na ubaya wowote, na hakuna aliyewahi kumwambia.

"Yule mgeni alisema si kosa," nilimwambia.

"Nilimsikia."

"Basi rudi nyumbani. Mama hasemi nami."

"Anasema na nani?"

"Na kuku."

Akatikisa kichwa. "Hiyo tabia ni ya mama yetu," alisema. "Yeye alikuwa anasema na mbuzi."

Hakurudi siku ile. Alirudi siku jina la mdogo wangu lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, maana mama alimpigia simu akilia, na kabla jua halijazama alikuwa ameshuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba. Nilidhani angekuwa amenyenyekea. Sijui kwa nini nilidhani hivyo. Alisimama barazani akawaeleza majirani waliokuja kupongeza kwamba siri ilikuwa kilima na mayai mabichi. Mzee mwenye ng'ombe alisema ushahidi wake ndio uliombeba binti. Mwenye duka la pembejeo aliniambia sasa nikiri kwamba tulikuwa na mtu. Mama alisema ni maombi, na kwa furaha akaanza kusema nami tena bila kutangaza, akinituma kuni. Nilimwuliza mdogo wangu watu wa jeshi wenyewe walisema nini, ni kipi kilichomfanya achukuliwe. Akasema hawasemi. Wanasoma majina tu.

Aliondoka asubuhi ya ukungu. Nilimshonea begi la turubai lenye zipu mbili, na niliposhona nilikuwa nagombana na uzi kila mara kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Siku hizi anakuja likizo mara chache. Amekonda, amekomaa, na ile sauti aliyoitaka imeanza kumjia. Anaongea polepole na watu wanahama mahali walipokaa bila kuambiwa mara mbili. Likizo iliyopita alikuja baba mmoja kutoka Nyakasimbi na binti yake, wamesikia habari zetu, wanataka kujua njia. Mjomba alikuwa Kamuli kwenye mavuno, nikamshukuru Mungu. Mdogo wangu aliwakalisha akawaeleza kwa utulivu yaleyale ya kwenye tangazo. Masomo, afya, mbio, tabia. Baba mtu alisikiliza akitabasamu kama mtu anayejua kwamba anapewa maganda na ndizi imefichwa.

"Hayo tumeyasoma," alisema. "Sasa tupe yale ya ndani."

"Hakuna ya ndani, baba. Msidanganye tu."

Binti alikuwa ameshika magoti. Alinigeukia mimi. "Na majirani waliulizwa nini, dada?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye habari ya bibi, nilimwona akimtazama baba yake, na baba yake akitazama kofia yake mwenyewe mkononi, akiizungusha.

"Babu yangu mimi alizaliwa wapi?" binti alimwuliza.

"Tutaongea nyumbani," alisema baba.

"Mwambie hapahapa," nilisema. "Mwambie leo, kabla hajaulizwa na mtu mwenye matope viatuni."

Baba mtu alinyanyuka, akashukuru sana, akasema mvua inakuja. Hapakuwa na dalili ya mvua. Wakaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, binti akiwa mbele anageuka nyuma kumwuliza jambo, na baba akionyesha kwa mkono kwamba watembee kwanza. Mama alitoka jikoni na upawa mkononi, akaniuliza wageni wako wapi na ndizi ziko karibu kuiva. Nilipomwambia wamekwenda, alinitazama, kisha akashuka uani, na nikamsikia anawaambia kuku.